Mkwe Aliyeitwa kwa Spika

Mke wangu ana neno moja analolitumia kila ninapokosea: "Kama kawaida." Halisemi kwa hasira. Analisema kama mtu anayetaja saa. Asubuhi ile ya harusi ya binti yetu aliningoja nivae buti, nijipake tumbaku miguuni ya kufukuza ruba, nijivike darubini kifuani, ndipo akaacha kuni zake.

"Leo pia?"

"Muda mfupi tu, Mama Subang. Nashuka na Mwalimu hapo bondeni, tunamwona ndege wetu mmoja, tunapanda. Wageni wanakuja kwa mtumbwi, hawafiki kabla jua halijawa kali."

"Baba wa bibi harusi anakwenda kutazama ndege."

"Mwalimu aliweka ahadi tangu mwaka jana. Si yeye aliyeisogeza harusi."

"Kama kawaida," akasema, akarudi kwenye kuku wake waliokuwa wakichemka ndani ya mianzi.

Harusi ilisogezwa na kazi ya bwana harusi. Renggi anafanya kazi kwenye mitambo ya mafuta baharini huko Miri, na mabosi wake walimgeuzia likizo. Ilikuwa ama harusi ifungwe siku ile, ama ingoje mavuno mengine, na wewe mwenyewe unajua mavuno mengine huwa yanamkuta nani na nani. Subang wetu alikuwa ameamka kabla ya majogoo, amekaa amevikwa lile taji la fedha la bibi yake, zito kama sufuria, hathubutu kugeuza shingo. Nilipopita mlangoni alinitazama kwa pembe ya jicho tu.

"Baba, usichelewe."

"Nitachelewa vipi, na mimi ndiye baba mtu?"

Watu huniuliza niliingiaje kwenye kazi ya ndege. Niliingia kwa mlango wa jokofu. Nina stashahada ya ufundi wa majokofu na viyoyozi, niliisotea mjini Kuching, mama akaning'iniza picha yangu ya joho ukutani. Nikarudi kwetu nikiwa fundi kamili, kwenye nyumba ndefu yenye familia ishirini na kitu chini ya paa moja, na jenereta moja lililokuwa likiwashwa watu wakitaka kutazama mpira. Jokofu lilikuwa moja tu. Lilikuwa la duka, na walikuwa wakihifadhia misumari. Basi alipokuja mgeni wa kwanza na darubini akiuliza nani anaujua msitu huu, nikainua mkono haraka kuliko akili. Siku hizi nina kibao gatini, nimekichora mwenyewe: BINGWA WA VIGONG'OTA. Ndugu zangu wa kabila letu la Waiban wakipita hukisoma kwa sauti, kisha hucheka mpaka wanashika ubao wa gati wasianguke mtoni.

Si kwamba hawawajui vigong'ota. Wanawajua, na ndiyo maana wanacheka. Msitu wetu unao wa kila aina. Yupo yule mkubwa wa kijivu anayetembea na ukoo mzima, wakipayuka njia nzima kama watu wanaokwenda kudai mahari. Yupo wa rangi ya damu iliyokauka anayetoboa miti iliyolala. Na yupo mdogo kuliko wote, kama kidole gumba kilichoota manyoya: mgongo wa kijani, kifua cha kutu, mkia hana wa kutajika, na kuzunguka jicho ana ngozi nyekundu kama aliyekesha msibani. Huyo tunamwita ketupong. Kwa wazee wetu yeye ndiye mkwe mkubwa wa mungu wa ndege, na mkwe huyo hutumwa kuleta habari. Mkiwa njiani kwenda kuoa, akalia upande wenu wa kushoto, basi. Mnakaa chini, mnatafuna tambuu, mnarudi kwenu. Habari ya harusi itazungumzwa tena baada ya mavuno, kama bado ipo.

Sisi sote ni watu wa kanisa, kila Jumapili. Siku nyingine sita ndege nao wana neno lao.

Ndiyo maana msafara wa harusi huja ukipiga upatu, zile sahani nene za shaba, kuanzia unapoondoka mpaka unapoingia. Wageni hudhani ni furaha. Furaha ipo, lakini kazi hasa ya upatu ni kuziba masikio, maana usilolisikia halikuhusu. Kwa hiyo watu wa harusi kazi yao ni kutomsikia ketupong, na mimi mkate wangu ni kumsikia. Mtu mwenye akili asingezichanganya kazi hizo mbili asubuhi moja. Mimi nilikuwa na stashahada.

Mwalimu Tiong alikuwa akiningoja chini ya ngazi, kofia kichwani, fimbo mkononi. Alifundisha hesabu mjini Sibu mpaka akastaafu, na masikio yake yalikuwa yameanza kumfuata kwenye kustaafu. Sauti nyembamba alikuwa hazipati tena. Vigong'ota wote wa misitu yetu alishawaona, isipokuwa huyu mdogo. Ilikuwa safari yake ya tatu kwangu. Zile mbili za kwanza nilimwonyesha matawi mengi sana ambayo ketupong alikuwa ametoka kuondoka.

"Baba Subang," aliniambia tukishuka, "huyu ndege yupo kweli, au ni kama ile herufi tunayoiweka kwenye hesabu mpaka tupate jibu?"

"Yupo, Mwalimu. Leo nimekuja na dawa yake."

Dawa yenyewe ilikuwa spika, ukubwa wa ndimu, ina kamba ya kuvaa shingoni na kitufe kimoja. Ndani nilikuwa nimemtia ketupong niliyemrekodi mwenyewe. Ukibonyeza, analia. Ketupong wa kweli akisikia, anajua kuna mwenzake kaingia shambani kwake, na anakuja kumtoa. Ni ndege mdogo lakini kwa ugomvi wa mipaka anatushinda hata sisi.

Tukaingia kwenye kichaka cha mianzi juu ya kijito. Mbele yetu, nyuma ya majani, kulikuwa na njia ya zamani na gogo la kuvukia. Njia hiyo siku hizi wanapita watu wachache wenye mashamba ya pilipili manga. Nilijua hivyo. Nisichojua ni kwamba mto ulikuwa umekauka chini ya maporomoko, mitumbwi ya wageni imekwama kwenye mawe tangu alfajiri, na watu wa bwana harusi wameamua kuja kwa miguu. Nyumbani kwangu walikuwa wamenipigia simu kunieleza. Bondeni kwangu simu haishiki, jambo ambalo huwa nawasifia wageni kuwa ni utulivu.

Tukasikia upatu kwa mbali.

"Ni nini?" Mwalimu akauliza. Sauti nene aliipata vizuri.

"Vijana nyumbani. Wanafanya mazoezi."

Tukakaa. Upatu ukaendelea. Hapakuwa na ndege ambaye angesikika katika kelele ile, na mimi nikaanza kuwalaani vijana wetu polepole.

"Mazoezi yanasogea," akasema Mwalimu.

"Ni mwangwi huo. Kwenye bonde kama hili sauti huzunguka, kwa sababu ya hewa baridi kukaa chini na ya joto kupanda." Nilimweleza kwa utaalamu wote wa majokofu. Akanitazama jinsi anavyotazamwa mwanafunzi aliyepata jibu kubwa mno.

Halafu upatu ukanyamaza, ghafla, kama uliokatwa kwa panga.

Leo najua kwa nini. Gogo lile linateleza, na mtu hawezi kulivuka akiwa na upatu mkono mmoja na nyundo mkono wa pili. Waliufunga migongoni, wakavuka mmoja mmoja wamenyamaza, wanaogopa maji. Ule ndio ulikuwa ukimya pekee katika safari yao nzima, na mimi nikamshukuru Mungu kwa kuniletea.

"Sasa," nikanong'ona. Nikaitundika spika kwenye mmea wa henzirani ng'ambo ya kichaka, nikaongeza sauti mpaka mwisho kwa ajili ya masikio ya Mwalimu, nikabonyeza.

"Kik-kik-kik-kiiik."

Ilitoka safi. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza na ya tatu, kwa sababu ilikuwa nzuri.

Nyuma ya majani mtu akasema, "Mmesikia?"

Sauti ile naijua. Ni ya Baba Renggi, mkwe wangu mtarajiwa, mzee wa kanisa, mtu ambaye hata salamu huipima kwanza.

"Kusikia nini?" mwingine akajibu.

"Usijifanye. Hata mimi nimejaribu kujifanya nimeshindwa."

"Upande gani?"

"Kushoto."

"Mimi nimesikia kama kulia."

"Wewe umevuka gogo kinyumenyume. Geuka uhesabu upya."

Nikasikia watu wakikaa chini. Nikasikia mfuko wa tambuu ukifunguliwa. Anayejua mambo yetu akisikia mfuko wa tambuu ukifunguliwa njiani namna ile, anajua safari imekwisha.

"Baba, twende tu," hiyo ilikuwa sauti ya Renggi. "Jumanne napanda helikopta kurudi kazini."

"Baba yako mdogo naye alisema twende tu. Ameoa mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Si kwamba naamini," akasema Baba Renggi. "Ila sitaki kujua."

Mwalimu akaniinamia. "Baba Subang, kuna watu wamekaa pale."

"Ni watu wa harusi."

"Harusi ipi?"

"Yangu. Ya Subang."

Akafikiri. Ni mtu wa kufikiri kwa mpangilio, unaweza kuona hatua moja ikifuata nyingine usoni mwake. "Kwa hiyo wewe umewapigia yule ndege."

"Sikujua ni wao."

Sasa, palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kusimama, kupanua majani, na kusema jamani ni mimi. Ingechukua muda wa kupiga chafya. Ya pili ni kutambaa kwa tumbo nizunguke nyuma yao, nifike upande wao wa kulia, niwapigie ketupong mwingine huko, wafute wa kwanza. Sina haja ya kukwambia nilichagua ipi. Nikaitungua spika, nikaivaa shingoni, nikaizungushia mgongoni ili kitufe kisibonyezwe na tumbo, nikalala chini.

"Unakwenda wapi?" Mwalimu akauliza.

"Kusahihisha."

"Mimi nimesahihisha madaftari maisha yangu yote. Jibu halisahihishwi kwa kuandika lingine juu yake."

Lakini nilikuwa nimeshaondoka. Kutambaa nilikufahamu zamani, kabla ya tumbo hili. Tumbo hili linatambaa kwa masharti yake. Henzirani ina miiba inayotazama nyuma. Ukiingia inakukaribisha, ukitaka kutoka inakuuliza haraka ya nini. Ilinikamata suruali kwa nyuma, nikavuta, ikavuta, na iliyosalimu amri ni suruali. Ruba walikuja kutoka kila jani, maana tumbaku nilijipaka miguuni na mimi nilikuwa natembea kwa kifua. Nikafika kwenye majani makubwa upande wa kulia, natweta kama nguruwe aliyepandishwa ngazi. Nikaivuta spika mbele, nikabonyeza mara moja. "Kik-kik-kik-kiiik." Nikairudisha mgongoni, nikajipongeza.

"Nyandang," ikasema sauti nyuma yangu.

Jina langu la kuzaliwa hakuna anayeliita siku hizi ila waliokuwepo nilipozaliwa. Nikageuka taratibu. Bibi Jenau, bibi yake bwana harusi, alikuwa amechuchumaa nyuma ya kichaka hatua chache tu, kitenge kimekusanywa magotini, anafanya shughuli ambayo kila msafiri wa umri wake huifanya msafara ukisimama.

"Nyandang mwana wa Sanggau," akasema. "Umekuwa ndege lini?"

Nikamwamkia, bado nimelala kifudifudi.

"Geukia huko nimalize."

Nikageukia huko. Alipomaliza alikuja akashika ukanda wa darubini yangu, akanivuta kama mbuzi, akanitoa njiani mbele ya watu wote. Walikuwa kama thelathini, wamevaa nguo zao za ushanga na manyoya ya harusi, wamekaa kwenye majani mabichi na nyuso za msiba. Na mimi nikatokea, tope kuanzia kidevuni kushuka, suruali yangu haina mgongo.

"Ndege wenu huyu hapa," Bibi Jenau akasema.

Baba Renggi akanitazama muda mrefu. "Huyu si mkwe?"

"Ni mimi, mkwe. Karibuni sana."

Hakuna aliyekaribia. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nilianzia kwenye majokofu. Nilipofika kwenye spika nikaigusa mgongoni wakaona kamba, na mtu mmoja nyuma akapumua: "Basi si ndege. Ni sanduku. Sanduku halina kushoto. Simameni tuondoke."

"Sauti ni sauti," akasema Baba Renggi. "Mimi nikikupigia simu nikakutukana, utasema umetukanwa na simu?"

Ilikuwa hoja nzuri, hata mimi niliyekuwa nikizama niliiona.

"Lakini tuulize," akasema mwingine, "huyu aliyemo ndani, alipolia wakati ule wa kurekodiwa, alikuwa upande gani wa mtu? Maana huenda upande wake ni uleule hata leo."

Wote wakanigeukia.

"Nilikuwa nyuma ya choo cha shule," nikasema. "Nimechutama. Sikumbuki pande."

"Choo," akarudia Baba Renggi, na jinsi alivyolitamka neno hilo nikaona harusi ya binti yangu inaingia humo na mlango unafungwa. "Baba wa bibi harusi, siku ya harusi, anajificha porini anatupigia mkosi uliotoka chooni. Angekuwa adui ningeelewa."

Renggi alikuwa amesimama pembeni, manyoya ya kofia yake yameloa. Kijana mpole, mabega kama mlango. Akanitazama, akasema, "Baba." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. "Baba, sema kitu."

Hapo utani ukaniisha. Nilimwona Subang amekaa na lile taji, shingo haigeuki, anasikiliza upatu ambao haufiki. Nikainama mbele ya Baba Renggi, nikainama sawasawa, kichwa chini na mgongo juu, kama wanavyoinama wenye makosa.

"Mkwe," nikasema nikiyatazama majani, "kosa ni la mtu mmoja na mtu huyo mnamwona, mbele na nyuma. Subang hajalia kushoto wala kulia. Amekaa anawangoja. Kama lazima kuna wa kurudishwa, nirudisheni mimi. Mtakaponituma nitakwenda. Mkinituma Miri nikaishi kwenye mitambo, nitaishi. Ila yeye msimrudishe."

Nilikuwa nimejiandaa kuendelea, maana nikianza sinyamazi, lakini nikamsikia Mwalimu. Alikuwa ametokea njiani upande wa kushoto, na aliongea kwa ile sauti ambayo ikisikika darasa zima hufunga midomo.

"Mtu yeyote asisogee. Wewe, Baba Subang, hasa wewe."

Nikabaki nimeinama. Kitu kikatua mgongoni kwangu. Kilikuwa chepesi, kama popoo moja imeanguka. Halafu kikasema, karibu kabisa na sikio langu, "Kik-kik-kik-kiiik," na hiyo haikuwa spika.

Ketupong alikuwa amekuja. Alisikia mwenzake akimpigia kelele kushoto, akamsikia tena kulia, akamtafuta bonde zima, na sasa amempata, mweusi, mviringo, hana adabu, amekaa mgongoni kwa mzee aliyeinama. Akampiga mdomo. Tok. Akampiga tena, na safari hii alipiga kitufe. Spika ikamjibu, sauti juu mpaka mwisho.

Sasa ukawa ugomvi. Huyu analia, yule anajibu, huyu anadona, yule anajibu zaidi. Kila alipodona nilisikia kwenye uti wa mgongo. Nikaanza kuinua kichwa.

"Usisogee," akasema Mwalimu.

"Nataka kumwona na mimi."

"Ukisogea ataruka."

Basi watu thelathini wa harusi, na bibi mmoja asiye na shida naye kabisa, na mwalimu mmoja kutoka Sibu, wote walimwona ketupong kwa macho yao, karibu kuliko nilivyowahi kumwona mtu yeyote akimwona. Bingwa wa Vigong'ota aliona majani makavu, na siafu mmoja. Ndege alimaliza hasira zake, nikasikia mabawa, na hapakuwa na kitu tena.

Nikanyooka. Mwalimu hakuwa ameinua hata darubini. Alikuwa ameishikilia kwa mikono miwili tumboni, na macho yake yalikuwa na maji.

"Ngozi nyekundu kuzunguka jicho," akasema. "Kama ulivyosema. Umemwona?"

"Nimemsikia mgongoni."

"Haihesabiki," akasema, lakini kwa upole.

Watu walikuwa wamekwisha kusimama, wanaongea wote kwa pamoja. Amekuja kutoka kushoto. Hapana, ameondokea kulia. Katikati hapo je? Hakuna aliyejua, maana tangu babu zao hakuna aliyewahi kusikia ketupong aliyetua mgongoni kwa mtu. Baba Renggi alijikuna kidevu akamgeukia mama yake. Bibi Jenau alikuwa amejikalia juu ya upatu, ananyoosha miguu.

"Huyu ndege ni nani?" akauliza.

"Ni ketupong, mama."

"Ketupong ni nani?"

"Ni mkwe mkubwa wa mungu wa ndege."

"Na huyu Nyandang ni nani?"

"Ni... baba wa bibi harusi."

"Basi. Baba wa bibi harusi amemwita mkwe. Amemwita kwa kelele, amemwita kwa ujinga, lakini amemwita. Na mkwe amekuja kwa miguu yake mpaka mgongoni. Nyinyi mnatafuta kushoto na kulia ya nini? Mkwe akiitwa akaja, harusi imerudi wapi?"

Baba Renggi aliipima ile hoja jinsi anavyopima salamu. "Mama, maneno hayo uliyapata kwa nani?"

"Kwenye magoti yangu. Nimetembea tangu giza. Silivuki lile gogo tena leo mpaka nimekula kuku."

Nilitaka kumkumbatia. Akanizuia kwa kidole. "Wewe una faini. Utapiga upatu kutoka hapa mpaka kwako, mbele ya msafara, usipumzike. Na kitu chako hicho nipe." Nikaivua spika, akaichunguza, akaitia kwenye mfuko wake wa tambuu.

Upatu mkubwa ni mzito kuliko stashahada. Niliupiga kupanda kilima chote, na kila nikichoka Baba Renggi aliyekuwa nyuma yangu alisema, "Kaza, mkwe, nasikia kitu." Wa nyuma yake walikuwa wakicheka, na wao ndio walioiona suruali yangu vizuri zaidi.

Mama Subang alikuwa juu ya ngazi na kikombe cha pombe ya mchele, kama anavyopaswa mwenye nyumba, kila mgeni anywe ndipo apite. Akaona upatu. Akaona anayeupiga. Akaangalia buti, tope, ruba aliyebaki shingoni, akaniomba kwa mkono nigeuke, nikageuka.

"Huyu naye ni wa upande wa bwana harusi?" akauliza.

"Tumemwokota njiani," Bibi Jenau akasema.

"Kama kawaida." Akanipa kikombe. Alikijaza mpaka kikamwagika, kile cha faini, na aliningoja nimalize. Ndani, Subang aligeuza shingo kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Aliniona, akamwona Renggi nyuma yangu, akaanza kucheka na taji lote likaanza kulia.

Wakati wa kupasua popoo, ndipo ndoa inapofungwa, upatu hunyamaza. Lazima unyamaze, mzee wa nyumba ameshika kisu, popoo iko kwenye sahani, bibi na bwana wameketi bega kwa bega, na watu wote wamebana pumzi kwa sababu vipande vina maneno yao. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, nimejifunga sarong ya kuazima ya shemeji. Mzee akainua kisu.

"Kik-kik-kik-kiiik."

Nyumba nzima ikageuka, milango yote, mpaka mbwa. Baba Renggi alifumba macho. Nikainua mikono yote miwili juu, mitupu, nikaitikisa waone. Mama Subang alikuwa ameshafungua mdomo kusema lake.

Bibi Jenau akatafuna tambuu yake kidogo, akaingiza mkono kwenye ule mfuko wa tambuu uliokuwa ubavuni mwake, akautoa taratibu.

"Kulia," akasema. "Pasua."